Meno ya Tumbo Moja

Tulikuwa wanne katika chumba cha daktari wa meno, Mtwara mjini. Mimi, dada yangu, tumbo moja, yeye kanitangulia, mjukuu wangu anayefundisha chekechea Nanyamba, mtoto wa binti yangu wa kwanza, na daktari mwenyewe, binti wa watu kutoka bara. Majina yote ninayo kichwani, ila siyaandiki, yabaki ya wenyewe.

Mjukuu alikuja kwangu kufunga Ramadhani. Nikamwona kwenye futari anamung'unya muhogo upande mmoja. Kumbe fizi zilikuwa zikitoa damu akipiga mswaki, akaogopa akiimeza saumu itaharibika. Basi akaacha mswaki kabisa, mchana na usiku, mwezi mzima. Kufika Idi fizi zimevimba, jino la mbele linacheza.

"Bibi, nitakuwa kama wewe," akaniambia, akalia.

Mimi sina meno. Yalianza kuniacha ningali kijana, kama yalivyomwacha mama yangu. Mtoto huyu tangu mdogo ndiye anayenitwangia korosho. Nikamfuta machozi kwa ncha ya kanga, nikamwambia twende.

Daktari akatazama fizi, akamtuma apimwe damu, sukari na mafuta. Sukari haikuwa na neno. Mafuta yalikuwa mengi.

Dada yangu akaangua kicheko. "Mafuta? Huyu, mwembamba kama ufito? Mmechukua damu ya mdogo wangu huyu, mpenda nazi!"

"Nyamaza wewe, na meno yako ya panya," nikamjibu.

Daktari naye alicheka, kisha akatueleza. "Wembamba si kinga, mama zangu. Mafuta kwenye damu mtu anaweza kuyarithi. Wepesi wa fizi kuugua, vilevile. Na mara nyingi tunayakuta pamoja, ndiyo maana nimempima."

"Mbona huyu dada anavunja korosho kwa meno mpaka leo?" nikauliza. "Tumelala mkeka mmoja, tumekula ugali wa chungu kimoja."

"Urithi haugawanyiki sawa, bibi. Kila mtoto ana fungu lake."

Mjukuu akainama. "Basi langu ndilo hili. Yatang'oka tu."

Hapo dada akaacha mzaha. "Mjukuu wangu, mikorosho ya baba yetu kule Ziwani ilitoka kwenye mbegu za mti mmoja. Mmoja ulishikwa na ubwiriunga, ule ukungu mweupe, kila msimu, jirani yake wala. Ule mgonjwa tuliukata?"

"Hamkuukata," akasema polepole. "Mnaupulizia salfa mapema."

"Na unazaa?"

"Unazaa."

"Basi piga mswaki, damu uiteme. Kwani ulishindwa kuuliza?"

Daktari akamsafisha fizi kwa utaratibu, siku ile na nyingine. Akamwandikia aende kwa daktari wa mafuta ya damu pia. Mswaki asubuhi na usiku, hata akifunga, na arudi kuangaliwa kabla ya kuumwa.

Msimu huu alikuja na korosho za kukaanga. Akanitwangia zangu kwanza. Kisha akachukua moja nzima, akaibana kwa meno ya mbele, huku ananitazama. Ikakatika.

"Jino limekaa, bibi."

Dada anasema lile jino lilikuwa la kushoto. Mimi nakumbuka la kulia. Anayejua anisahihishe, maana mtoto mwenyewe nikimtazama akicheka siwezi tena kujua ni lipi.