Makali Niliyotia Kisu cha Jirani

Kisu cha jirani yangu kilikuwa kipande cha msumeno wa chuma, mpini wake umezungushiwa mpira wa tyubu. Alikuwa akikinoa kwenye ngazi ya simiti mbele ya kibanda tunachofanyia kazi pamoja hapa Laini Saba kando ya reli, yeye akitengeneza viatu, mimi nikishona mikoba. Anaitemea ngazi mate, anasugua kidogo, kisha anakiegemea kile kisu kwa kifua na kukisukuma kwenye ngozi. Ngozi ilikuwa kama inachanika badala ya kukatika. Mwili wake ulishazoea hivyo.

Mimi nina njia yangu. Niliokota kioo cha dirisha lililovunjika, nikagundisha msasa wa maji, ule mweusi wa duka la hadiwea, niliopata Kawangware ninakokaa. Upande mmoja nikaweka wa kukwaruza, upande wa pili laini. Cha kumalizia ni kipande cha mshipi mkuukuu kilichopakwa dawa ya meno. Vifaa vya mtu asiye na kitu, lakini kisu kikitoka hapo kinanyoa.

Mchana mmoja, mwaka huu huu, jirani alipeleka viatu vya mteja Soweto East. Kisu chake kilikuwa mezani. Nikaona nimsaidie. Nilikinoa taratibu, nikikilaza kwa pembe ileile bila kuibadilisha, mpaka kikakata nywele za mkono wangu bila kuvuta. Nilifurahi sana. Nikakirudisha palepale alipokiacha, nikingoja arudi nimwonyeshe.

Aliporudi nilikuwa na mteja, mwanamke mwenye maneno mengi kuhusu zipu. Nilimwona jirani akikaa. Nilimwona akivuta ngozi. Nikajiambia, ngoja nimalizane na huyu.

Hakupiga kelele. Nilisikia tu pumzi yake ikikatika.

“Sister,” aliniita, “nipe kitambaa.”

Alikuwa amesukuma kwa kifua kama siku zote. Kisu kikapita kwenye ngozi kama kwenye siagi, kikaingia chini ya kidole gumba cha mkono wa kushoto.

“Nimekinoa mimi,” nilimwambia nikimfunga. “Nilikuwa nikuambie.”

Aliitazama ile ngozi, si kidole. “Na imekatika vizuri,” akasema.

Kliniki walimshona, wakatuambia ule mshipa unaokunja kidole umeguswa vibaya. Kidonda kilipona. Kidole hakikunjiki tena sawasawa, na fundi wa viatu asiyeweza kubana kiatu kwa mkono wa kushoto hawezi kukishona.

Mafundi wenzetu waliniambia ajali ni ajali. Hata mimi ningemwambia mtu mwingine hivyo. Ila wao hawakai na yeye kutwa nzima. Neno moja tu lingetosha, “Chunga, kina makali,” nami nilikuwa nikizungumza habari za zipu.

Kisha wateja wake wakaanza kunijia. Wa kwanza alikuwa mama mmoja wa Nyayo Highrise, aliyemletea jirani viatu vya shule vya watoto wake miaka yote. Alisimama katikati yetu, akatazama kile kidole, akanigeukia.

“Basi nishonee wewe.”

Nilimtazama jirani. Macho yake yalikuwa kwenye reli.

“Chukua,” akaniambia. “Ukikataa wataenda kwingine.”

Nikachukua. Nimechukua wengi tangu siku ile. Sasa mimi nakata na kushona, yeye anapaka gundi, anapigilia visigino na kung'arisha. Nashona viatu vizuri kuliko nilivyodhani ningeweza, na kuna siku kazi inanikolea mpaka najikuta nikiimba. Nikimwona anageuza kiatu kwa kiganja kwa sababu gumba halishiki, naukatiza wimbo.

Juzi mke wa jirani alitupitia na chupa ya uji. Sikuwa nimekutana naye uso kwa uso tangu ajali ile, na nilikuwa nimejiandaa kwa lolote atakalosema. Alimimina kikombe cha kwanza akanipa mimi.

“Mzee anasema bila wewe angekuwa amefunga kazi,” alisema.

Nilitaka kumwuliza kama ameambiwa ni nani aliyekinoa kisu. Jirani alinitikisia kichwa kidogo kunikataza, akainama kwenye kiatu chake. Nikasema asante, nikanywa.