Watu Walipohamia Upande Wangu

Leo nimeketi kwenye meza ya waamuzi wa hotuba, na ukumbi unanuka magunia ya pamba kama ghala la kijiji siku ile niliposhindana kuhutubia utotoni. Mshindi angesomeshwa sekondari na misheni, na lugha yoyote iliruhusiwa.

Mtoto wa mwalimu mkuu alihutubia kwa Kiingereza, upande wa mlangoni. Zamu yangu ilipofika, nilisimama upande wa pili nikasema Kisukuma. Kwetu ngoma mbili zikishindana, watu huhamia kwa iliyo bora, na penye watu wengi ndipo penye ushindi. Basi wakulima wakainuka na vigoda vyao, wakanizunguka.

"Rudini mlipokuwa," mwamuzi kutoka mjini alifoka. "Huu si mnada wa ng'ombe."

"Tumeshaamua, mwamuzi," bibi mmoja alimjibu.

"Nani kakupa wewe uamuzi?"

"Miguu yangu."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alisema nimechochea fujo, akaniondoa mashindanoni.

Mama alinishika mkono, na umati wote ukatufuata nje. Mwamuzi alimtangaza mshindi katika ghala tupu. Januari gari la misheni lilikuja kumchukua mtoto wa mwalimu mkuu, nami nikalitazama likipita kando ya shamba letu, jembe mkononi.