Mkono Uliorudi kwa Shangazi Ardith

Shangazi yangu Ardith alizaliwa bondeni kwetu, katika milima ya Kentucky, akapika katika jiko la shule mpaka miguu ikamkataa. Mumewe, Burl, alikuwa mchimba makaa, mtu mkavu. Hakuwahi kumpiga, ila alikuwa na namna ya kuisukuma sahani mezani, hata mgeni akaishiwa hamu ya kula.

Mgodi ulipofungwa, wanaume wakabaki majumbani kuwanunia wake zao. Mwalimu mmoja akaona heri watu wafundishwe ile dansi ya mraba ya wazee: jozi nne husimama zikitazamana, fidla inalia, na mwitaji anatangaza hatua. Akisema badilisha, kila mwanamke humwacha wake akapokewa na wa jirani, kisha na anayefuata, mpaka mzunguko umrudishe kwa mumewe. Shangazi alimbembeleza Burl, naye akakubali kwa ajili ya maharage na mkate wa mahindi vilivyogawiwa baada ya dansi.

Katika mraba wao walikuwamo Hobart Sizemore na mkewe Lorene, majirani wa ng'ambo ya kijito. Hobart alisifika kwa upole; wakati wa baridi alimpashia mkewe viatu motoni kabla hajavivaa.

Mwanzoni walikuwa wakigongana tu. Mwitaji alimtania Burl kwamba kulia ni upande ule anaoshikia koleo, na ukumbi mzima ukacheka. Halafu, Jumamosi moja, wanaume wakiwa wanapishana katikati, waya wa fidla ukakatika. Muziki ulizimika, ila miguu iliendelea, na kwa muda kidogo zikasikika soli peke yake juu ya mbao. Kila mtu akafika mahali pake, watu wakacheka. Mkono ukamshika shangazi.

Siku zote Burl alimshika kama anayeshika mpini. Mkono huu ulimshika kama yai. Alitazama juu: uso wa Burl, kovu la Burl, shati alilolipiga pasi mwenyewe. Lakini macho yalikuwa yakimwomba radhi.

Nyumbani, mume yule alisimama jikoni kama mgeni asiyejua akae kiti gani. Akauliza chumvi inawekwa wapi. Asubuhi shangazi alipoteremsha miguu kitandani, alikuta viatu vyake vina joto.

Hakumwambia mtu. Angesema nini? Kwamba amepata mume mwema? Miezi ikapita, akasikia kwa wanawake wa kanisani kwamba Hobart Sizemore ameharibika, hasemi, anasukuma sahani, na Lorene amekonda. Hapo ndipo alipoacha kupita njia ya kijito.

Lorene alikuja mwenyewe, mchana, akasimama barazani. Burl alikuwa bustanini anapalilia. Lorene alimtazama kwa muda mrefu, akimtazama mikono.

"Dada Ardith," akasema, "njooni Jumamosi. Tucheze ile ile, mraba ule ule."

"Goti linanisumbua, Lorene."

"Mara moja tu. Ukitaka nitapiga magoti hapa hapa."

"Nimekwambia goti linanisumbua."

Shangazi aliniambia kwamba goti lake lilikuwa zima kabisa. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena ukumbini, na kila mumewe alipojaribu kusema, "Mke wangu, kuna jambo," alimkatiza akamwongezea kahawa. Wakaishi hivyo miaka mingi. Alisema ndiyo miaka aliyoishi.

Mume yule alikufa kwa kifua, kama wachimbaji wengi. Mazishini Lorene alilia kuliko mjane, watu wakanong'ona yao. Hobart alikaa nyuma, kofia magotini, hakuliangalia jeneza hata mara moja. Alimwangalia shangazi.

Baada ya wiki chache alikuja, eti kumpasulia kuni. Hakuuliza shoka liko wapi. Akazunguka nyuma ya ghala, akaingiza mkono chini ya bati bovu, akatoa shoka ambalo shangazi alikuwa akilitafuta tangu mgodi ulipofungwa. Akapasua kuni mpaka jua likainama, kisha akaja kusimama mlangoni.

"Nenda kwako, Hobart," shangazi akamwambia.

"Kwangu wapi, Ardith?"

Alisema bila hasira, kama anayeuliza njia kweli. Shangazi akafunga mlango, akausukumia na meza. Akamsikia akiketi kwenye ngazi ya baraza, pumzi yake ikikoroma kama ya mtu wa mgodini, ingawa Hobart Sizemore alikuwa mchonga samani na hakuwahi kushuka chini ya ardhi.

Kulipokucha hakuwapo. Shangazi akahamia kwetu mjini, akaishi chumba cha nyuma hadi alipofariki. Alinisimulia haya akiwa na akili timamu, anamenya viazi. Nilimuuliza kama alimwonea Lorene huruma.

"Sana," akasema. "Lakini mume nisingemrudishia."