Wote Wanafurahi Kwamba Sina Kitu

Admin, jina langu lifiche kabisa. Mume wangu yumo humu kwenye page, na wifi yangu ndiye wa kwanza kukomenti kila siku.

Mimi ni mama wa miaka 36, nina watoto wawili, naishi Iringa mjini. Nauza mitumba, hasa sidiria. Mume wangu anafanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga huko Ubaruku, anarudi nyumbani mwisho wa mwezi. Ni mtu mpole, hanywi pombe, ila ana mdomo wa utani.

Mwaka jana nilikuwa mnene kweli. Wateja walinitania kwamba saizi yangu haipo hata kwenye belo zima la mitumba. Nikaamua kupungua. Niliacha ugali na chapati, nikawa naupanda ule mlima wa Ipogolo kwa miguu mpaka mjini, jioni kabichi na parachichi basi. Mwili ukashuka. Nilikuwa nikipita mbele ya vioo vya maduka najitazama, msinicheke.

Shida ikawa matiti. Yalishuka nayo, yakalala. Siku moja mume wangu aliniona nikitoka kuoga akasema, "Mama watoto, mbona hayo yamekuwa soksi za kuanika?" Na mimi nikacheka ili yaishe, ila neno lile liliniingia. Tangu siku hiyo hajakiona kifua changu. Nikifungua belo nachagua sidiria za sponji nene, nabaki nazo mimi, na kulala nalala nazo. Akiuliza nasema baridi, na baridi ya Iringa nani ataibishia.

Sasa kinachonitisha ni hiki. Diet niliacha zamani. Wali nakula, ugali nakula, na bado napungua. Sketi ambazo fundi alizipunguza nimempelekea tena azipunguze. Na ziwa la kushoto halifanani na la kulia. Mwanzoni nilijiambia ni kule kulala tu, lakini chuchu imeingia ndani, na pembeni kuelekea kwapani kuna kitu kigumu, nikikiminya hakiumi. Kila nikioga nakigusa nikiomba kiwe kimeondoka. Naogopa mpaka sabuni inanidondoka.

Watu nao wakaona nimekonda, na huku kwetu mnajua mtu akikonda anasemwa nini. Nilipokwenda Kalenga kumsalimia mama mkwe, alinishika mkono, hata salamu yake ya kamwene hakuimaliza, akaanza kunitazama mifupa ya shingo. Mimi hakuniuliza. Alimpigia mwanawe simu akamwambia mkeo amekanyaga waya, ana ukimwi. Mume wangu akaenda kupima kimya kimya kule kule Ubaruku, akakutwa salama, ndipo akarudi bila kusubiri mwisho wa mwezi. Aliketi kitandani akaniambia, "Mimi nimepima, sina kitu. Kama wewe unacho niambie, sitakufukuza. Ila nataka kujua umekitoa wapi."

Nililia sana, yeye akadhani nalia kwa sababu amenikamata. Nilitaka kumwambia kitu ninacho kweli, lakini kipo hapa, shika uone. Nikazikumbuka zile soksi. Nikasema twende tukapime.

Tukaenda zahanati. Nikatobolewa kidole, tukakaa kwenye benchi kusubiri, yeye anawaza lake na mimi nawaza langu. Majibu yakatoka, niko salama. Nesi akanitazama usoni akauliza kama kuna tatizo jingine. Mume wangu akanijibia huku anacheka kwa furaha, akasema tatizo la huyu ni diet tu. Yule nesi alizidi kunitazama, na mimi nikanyamaza. Mpaka leo sijui kwa nini nilinyamaza.

Jumapili mama mkwe akachinja kuku, wakaitwa ndugu na majirani. Mama mtu mzima yule alisimama akaniomba radhi mbele ya watu. Akasema, "Mwanangu, tulikuwaza vibaya. Kumbe huna kitu. Sasa ule, unenepe." Wakapiga vigelegele. Nililila lile paja alilonipa huku sponji inanibana pale pale kwenye uvimbe. Wote walikuwa wanaogopa ugonjwa mmoja tu, na huo haupo, kwa hiyo hakuna tena anayeniangalia.

Shangazi yangu wa Mbeya aliugua ziwa. Alilificha chini ya kanga mpaka likaanza kutoa harufu, alipofikishwa hospitali likakatwa, na mumewe akamrudisha kwao pamoja na godoro lake. Huko kwao ndiko tulikomzika. Naogopa kukatwa, naogopa kurudishwa na godoro. Na kinachonitetemesha zaidi ni kwamba nikila nahisi hiki kitu kinakula pamoja nami.

Mume wangu anarudi Ubaruku kesho asubuhi. Nimo uani nafua, nimeificha simu nyuma ya beseni nawaandikia, yeye yuko ndani anapanga begi na kupiga mluzi. Nimsimamishe nimwambie, au nimwache aende na furaha yake, mimi niende hospitali peke yangu? Dada zangu mliowahi kushika kitu kama hiki, wa kwanza kumwonyesha alikuwa nani? Nishaurini leo, nimechanganyikiwa.

Na wewe, kama umesoma mpaka hapa na umejitambua kwenye zile soksi, liache kwanza hilo begi. Nipo hapa uani. Njoo ushike mwenyewe, tafadhali usicheke.