Basi Lililoharibikia Ilula

Ujumbe wa tatu ulinikuta Ilula, mtoto mgongoni, namsaidia mama kupanga nyanya kwenye ndoo kando ya barabara. Ulisema hivi: “Kamwene mnyalukolo. Basi lenye gauni lako limeharibika hapa Ilula. Konda anataka hela ahamishie mzigo gari jingine. Tuma haraka.”

Nikausoma. Nikaangalia barabara. Wauza nyanya wa Ilula tunaliona kila gari, maana ndiyo kazi yenyewe: likipunguza mwendo tu, ndoo ziko dirishani. Basi lililoharibika halikuwepo. Hata bodaboda yenye pancha haikuwepo.

Halafu likanijia jambo jingine, na hilo ndilo lililonimaliza. Gauni lilikuwa linatoka Mbeya kuja kwangu Kihesa, Iringa mjini. Ukitoka Mbeya unaanza kufika Iringa. Ilula iko mbele, njia ya Morogoro. Basi gani linipite stendi na mzigo wangu, likafie mbele ya safari?

Nikampigia huyo muuza gauni. Nikamwambia taratibu kabisa, “Kaka, mimi nipo Ilula. Nimesimama barabarani. Mpe konda simu aniambie kavaa shati rangi gani, nimfuate.”

Akasema mtandao unasumbua, akakata. Nilipopiga tena, kumbe ameshanifungia.

Hapo ndipo nilipopasuka. Nilianza kwa Kiswahili, kilipoisha nikaendelea kwa Kihehe. Lori moja lilisimama, dereva akidhani kuna msiba. Mama alicheka hadi akakalia nyanya.

“Punguza, mwanangu,” akaniambia. “Wateja watafikiri tumegombania ndoo.”

Sasa, gauni lenyewe. Jumapili ile mtoto wangu wa kwanza alikuwa abatizwe. Mama mkwe alikuwa na gauni lake la ubatizo, walilobatiziwa watoto wote wa ukoo, limegeuka rangi ya chai ya maziwa. Nilimwambia asante mama, langu nitanunua mwenyewe, jipya, jeupe. Nilimwambia mbele ya mawifi. Kwa hiyo mnaelewa.

Nililiona gauni kwenye simu, kwenye ukurasa wa mtu aliyesema ana duka Mbeya. Kilichoniponza ni salamu. Alianza na kamwene, akaniita mnyalukolo, na huku kwetu anayekuita hivyo amekwambia wewe ni ndugu yake. Wauzaji wa kweli najua wanavyofanya: anapeleka mzigo ofisi ya basi, anakupigia picha risiti yenye namba ya gari, na wengine wanakubali ulipe ukishaupokea. Nikamwomba hiyo risiti. Akanijibu, “Mnyalukolo, sisi kwa sisi tunaombana risiti?”

Niliona aibu! Mimi, niliyeibiwa, ndiye niliyeona aibu. Nikatuma hela ya gauni. Ujumbe wa pili ukaja, wa hela ya kufungashia. Nikatuma na hiyo.

Niliporudi nyumbani nilimweleza mama mkwe yote, nikisubiri asemwe mtu. Alichukua gauni lake la zamani, akalifua, akalianika, akalipiga pasi. Jumapili mtoto alibatizwa nalo, na niseme ukweli, lilimkaa vizuri kuliko lile la kwenye picha lingemkaa.

Kwenye chakula nikawasimulia wanakwaya habari ya basi la Ilula. Walicheka wote isipokuwa mmoja. Alikuwa ameshika simu yake, amekunja uso.

“Huyu wako,” akauliza, “anauza na viatu?”

Ukurasa ni ule ule. Alikuwa ameshaitwa mnyalukolo tangu asubuhi, na hela alipanga kutuma akitoka pale. Nikamnyang'anya simu, kisha nikamrudishia, nikaanza kucheka mimi. Lakini nilishaamua. Hasira za barabarani hazikumzuia yule mtu hata siku moja.

Jumatatu nikaenda kituo cha polisi na mtoto mgongoni. Afande aliniuliza kwa nini nisiache tu, hela yenyewe ndogo. Nikamwambia gauni nimesamehe, kule kuniita ndugu yake ndiko sijasamehe. Akanipa karatasi, nikaandika, naye akasoma. Alipofika sentensi ya mwisho alicheka, akasema hiyo haina kifungu cha sheria. Nikamwambia aiache. Akaiacha, akagonga muhuri. Inasomeka hivi:

“Mimi ni mama wa mtoto mmoja, mkazi wa Kihesa. Namlalamikia mtu anayejiita muuza nguo wa Mbeya. Alipokea hela yangu kwa simu mara mbili na hakutuma gauni. Mara ya tatu alidai basi limeharibika Ilula, nami wakati huo nilikuwa Ilula na basi sikuliona. Ujumbe wake wote ninao, sijafuta hata mmoja. Naomba namba yake ifungwe na aliyeisajili atafutwe, kwa sababu bado anawasalimia watu. Naomba pia iandikwe kwamba huyu si mnyalukolo.”