Debe la Mabamba

Nilirudi Kibondo baada ya kuzunguka miaka mingi, Kasulu, Tabora, machimboni Geita, na kote huko nililikumbuka gulio la Mabamba, kule mpakani, kuliko hata nyumba yetu. Labda ndiyo maana nilikubali kibarua cha kukusanya bei. Kila siku ya gulio niliuliza debe la maharage linauzwaje, nikagawanya kwa kilo ishirini, nikatuma ofisini kwa simu. Bei yangu ya kilo ikawa inabandikwa kwenye ubao wa kata. Nilijivunia. Sikuwahi kupima chochote.

Mama mdogo aliuamini ule ubao. Upepo ulikuwa umeng'oa mabati manne ya chumba chake, na mvua zilikwisha kuanza. Alipima maharage nyumbani kwa debe la mafuta ya kula, yakawa madebe sita. Kwa bei yangu, mabati yote manne yangepatikana.

Gulioni mnunuzi alileta debe lake. Mama mdogo mwenyewe ndiye aliyejaza, na kila mara aliongeza viganja viwili vitatu mpaka maharage yakasimama kama kichuguu. Kwetu mwanamke anayelikata debe kwa mkono, likabaki sawa na ukingo, husemwa mchoyo mwaka mzima. Wanunuzi wanalijua hilo. Hawaombi nyongeza, wanasubiri tu.

Maharage yakaisha kwenye debe la tano.

"Yalikuwa sita," alisema mama mdogo.

"Labda panya, mama," mnunuzi alijibu, wenzake wakacheka.

Debe lilikuwa limekalishwa juu ya ngata ya majani ya migomba. Lilipomwagwa gunini nikaligeuza. Kitako kilikuwa kimegongwa kwa nyundo kutoka ndani, kimetokeza kama tumbo. Bila ile ngata lisingesimama.

"Weka chini hilo debe, Bwana Bei," mnunuzi alisema.

Nilikimbia buchani nikaazima mzani wa kuning'iniza, bado unateleza mafuta ya ng'ombe. Tulipima debe moja, lililojazwa vilevile. Kilo ishirini na nne.

"Unanilaumu nini?" mnunuzi alisema. "Mimi nanunua debe. Hiyo bei ya kilo uliiandika wewe."

Alikuwa anasema kweli. Akampungia mkono dereva, na lori likawashwa. Wanawake waliopanga magunia nyuma yetu wakanigeukia mimi.

"Baba, ondoa mzani wako!"

"Nimevuka mpaka tangu alfajiri na mzigo kichwani, akiondoka nitamuuzia nani? Wewe?"

Nilianza kuushusha mzani. Mama mdogo akanishika mkono, kisha akamwambia mnunuzi amwage yote chini, kwenye turubai.

"Nipimie kwa kilo."

"Kilo zifuate Kasulu."

Basi mama mdogo akalivuta debe, akalijaza, akapitisha mkono wake juu ya ukingo, na kile kichuguu kikaanguka chini. Mmoja wa wale wanawake akafyonza.

"Kumbe mchoyo hivi!" mnunuzi alisema.

"Mchoyo mwenye nyumba inayovuja. Unachukua, huchukui?"

Mnunuzi alitazama mawingu, akatazama lori lake lisilojaa hata nusu. Lile tumbo la chini bado lilikuwepo, naye alijua. Akachukua. Yakatoka madebe matano na nusu kasoro. Aliyefuata kwenye foleni aliinua viganja vyake kuongeza kichuguu, akamwangalia mama mdogo, kisha akaongeza hivyo hivyo.

Siku hiyo niligawanya kwa ishirini na nne. Tulikuwa dukani tukichagua mabati simu ilipoita kutoka ofisini.

"Maharage yameshuka ghafla. Umekosea wapi?"

"Hayajashuka. Nilikosea wiki zote zilizopita."

"Basi tuma kama ya wiki iliyopita, nani atakuelewa?"

Sikutuma. Pesa za mama mdogo zilitosha mabati matatu. Tuliyapigilia kabla giza halijaingia, tukabaki na pengo moja juu ya kitanda chake. Tukasogeza kitanda.