Damaso Ribaga na bonde walilolishinda wakaliacha

Kule Bezzecca walishinda. Hili tuliweke sawa mapema, maana wapo wazee wa kilabuni wanaosema eti wale wa mashati mekundu, waliojitolea kuipigania Italia, walitimuliwa. Nani kawatimua? Waliambiwa waondoke, na hicho ndicho kilichomla maini Damaso Ribaga mpaka kichwa kikaota mvi.

Damaso alikuwa mfua misumari ya viatu, ile mifupi yenye kichwa kinene inayopigwa kwenye soli. Kijiji chao kipo kando ya ziwa la Ledro, na Ledro nzima ilikuwa mali ya Kaisari wa Austria. Zamu yake ya jeshi ilipofika akasema hamtumikii Kaisari hata kwa kubebwa. Akakata mlima, akaingia upande wa Italia, akapotelea Brescia.

Aliyebaki na maswali ya askari ni mama yake, Perpetua, mjane wa mhunzi. Yule mama hakuwa mtu wa kubabaika. Alivaa nyeusi, akasema mwanawe kazama ziwani akivua samaki. Padri akagonga kengele ya msiba, mikupuo mitatu kama ifanywavyo kwa mwanamume, majirani wakaja kulia na kula. Nusu yao walijua ni uongo. Walilia vizuri tu.

Kiangazi cha 1866 vita vya Italia na Austria vikalipuka, Damaso akaenda kujiandikisha kwa wale wa kujitolea. Wanafunzi waliokuwa humo walikuwa wakiimba taifa, taifa, machozi yanawatoka. Damaso taifa hakuligombea sana. Alitaka bonde liwe la Italia ili arudi kwao kwa mlango wa mbele, awashe tanuri la marehemu baba yake, na mama avue zile nguo nyeusi. Basi.

Wakampa bunduki kuukuu, shati jekundu lililoishia kwenye viwiko, na viatu hawakumpa. Aliyelala naye ubavu kwa ubavu alikuwa Fulgenzio, muoka mikate wa Cremona, mnene, mwingi wa maneno.

"Ribaga, hii bunduki yangu naona ilitengenezwa ya kusongea ugali wa polenta."

"Songa basi, ila mwiko uelekeze kwa wenzetu wa kule."

"Nimeshajaribu. Imenipiga mimi begani."

Wakacheka. Wangefanya nini?

Siku ya Bezzecca, Waaustria waliwashukia kutoka milimani alfajiri, wakawasukuma nje ya kijiji nyumba kwa nyumba. Damaso alijificha nyuma ya ukuta wa zizi, anajaza baruti, anashindilia risasi, anafyatua, anakohoa, anaanza upya. Jua lilipopanda mizinga ya mashati mekundu ikafika, ikapangwa kilimani, ikaanza kutema. Wakaambiwa sasa singe mbele. Wakarudi mbio kwenye zile zile njia walizofukuzwa, wanapiga kelele kama vichaa, na mchana Bezzecca ikawa yao. Fulgenzio alikaa chini katikati ya barabara, sikio moja limechanika, anatafuna mkate aliookota kwenye dirisha la mtu.

"Mkate wao mbaya," akasema. "Chumvi hamna."

Damaso hakumsikiliza. Kutoka pale, kwao ni mwendo wa kuteremka tu.

Aliomba ruhusa, akapewa. Akafika akamkuta mama yake anamkamua mbuzi. Perpetua aliinua uso, akaona shati jekundu, akarudi kwenye chuchu za mbuzi.

"Nani kakuambia urudi?"

"Tumeshinda, mama."

"Nimesikia mizinga, si kiziwi mimi. Nauliza nani kakuambia urudi. Wakubwa wameshaandikiana?"

"Kuandikiana nini tena? Waaustria wamekimbia."

"Anayekimbia ana miguu, na miguu inarudi. Ingia ndani, ule, halafu utoke kwa kule nyuma. Mtu asikuone."

Damaso alikuwa na damu ya moto, na siku hiyo ilichemka. Ameshinda vita, halafu aingie kwao kama mwizi wa kuku? Akatoka, akaenda moja kwa moja kanisani, akapanda mnara, akazipiga kengele zote pamoja, zile za sikukuu. Kijiji kizima kikatoka kuona nani kaoa. Wakamwona maiti wao wa ziwani anateremka mnarani na shati jekundu, amekenua.

Wengi walimkumbatia. Jirani yao Quirino Tiboni, mchoma makaa mwenye ulimi mkali, alimzunguka akimkagua kama anayenunua ng'ombe.

"Kumbe. Nilimlilia huyu mpaka nikapata kwikwi."

"Ulilia au ulikula, Quirino?"

"Vyote. Na siku utakayofukiwa kweli nitalia tena, nile tena."

Wakati wanacheka, Perpetua alikuwa amesimama kwenye mlango wa zizi na ndoo ya maziwa, hacheki.

Zikapita wiki chache. Damaso alishawasha tanuri, anawafulia wenzake misumari, wanakuja na viatu vilivyopasuka midomo. Mama yake alikuwa bado na nguo nyeusi. Akiulizwa anasema zinamkaa vizuri.

Halafu ikaja amri. Wakubwa wamekubaliana huko mezani kwao: Italia inachukua Venezia, milima hii inabaki kwa Kaisari. Waliojitolea wote warudi nyuma ya mpaka.

Fulgenzio ndiye aliyeleta habari, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. Damaso alidhani anafanyiwa mzaha. Alipoelewa, aliitupa nyundo ikavunja dirisha la karakana.

"Mimi siondoki. Nani kashindwa hapa? Hebu niambie, Fulgenzio, nani kashindwa?"

"Hakuna aliyeshindwa. Ila tunaondoka."

"Wale waliokufa kule Bezzecca walikufa kwa ajili gani? Ili Italia ipate gondola, mitumbwi ya Venezia?"

"Usinigombeze mimi, ndugu yangu. Mimi ni muoka mikate."

Huko barabarani vijana walikuwa wanavunja bunduki kwenye mawe. Mmoja alilia kama mtoto, mwingine alikuwa anaivunja singe yake vipande. Damaso akaingia ndani.

"Fungasha, mama. Kengele zile kila mtu alizisikia. Waaustria wakirudi watakuuliza aliyezama aliibuka vipi."

Perpetua hakumgombeza. Ingekuwa afadhali angemgombeza. Alizima moto, akamfungua mbuzi, akampeleka kwa Quirino, akamkabidhi kamba.

"Anakamuliwa taratibu. Usimvute kama unavuta gogo."

"Nitamtunza, Mama Perpetua. Utamkuta."

"Acha uongo," akasema. "Uongo kijijini hapa nilishaumaliza mimi."

Wakatembea na safu ya wanajeshi, Perpetua na kitita kichwani, mpaka ng'ambo ya mto Caffaro, ulio mpakani. 

Walipanga chumba Vestone, upande wa Italia. Damaso akapata kazi kwa mhunzi mwingine, anafua misumari ile ile kwa tanuri la mtu. Baadaye ikasemwa kuna msamaha kwa waliopigania Italia, lakini haukuwahusu waliokwepa zamu ya jeshi kama yeye. Akirudi, avae kwanza sare ya Kaisari, miaka yote aliyoikwepa.

"Wewe rudi, mama," akawa anamwambia. "Wewe hawakudai."

"Nitarudi na wewe au sirudi."

"Mimi sare ile sivai."

"Mimi peke yangu siendi."

Kila majira ya baridi, maneno hayo hayo, mbele ya sufuria hiyo hiyo. Wote wawili wabishi, hakuna anayelegea. Mwisho kifua kikamshika Perpetua, na safari hii hakubishana. Aliomba jambo moja: alazwe kando ya mumewe.

Maiti hadaiwi sare. Damaso alipeleka salamu, na Quirino akaja na mkokoteni wake wa makaa ameusugua ukang'aa. Walikutana kwenye daraja la Caffaro. Askari wa Kaisari alitazama jeneza, akavua kofia, akafungua kizuizi. Damaso akalisukuma kwa toroli mpaka katikati ya daraja, akasimama pale alipoambiwa asimame, wakalihamishia kwenye mkokoteni.

"Kwa baba, Quirino. Ubavu wa kulia. Si kule chini kunakoingia maji."

"Najua."

"Na wachimbe kina kirefu."

"Najua, Damaso. Wewe unakuja lini?"

"Kamuulize Kaisari."

"Kaisari hanijui mimi." Quirino alikaza kamba za jeneza, akazikaza tena ingawa zilikuwa zimeshakaza. "Watu watakuja wengi. Nao watalia kweli."

Mkokoteni ukaanza kupanda. Damaso alibaki anautazama mpaka askari akamwambia apishe njia, kuna watu wanapita. Walikuwa wachungaji wa Ledro wanarudi kwao na kondoo, soli zao zimejaa misumari, zinalia kwa-kwa-kwa juu ya mbao. Damaso aliijua kazi ya mkono wake. Akasogea pembeni, akatema mate mtoni, akageuka kurudi Vestone kwa miguu.